Honda inayowaka au Yamaha ya kwenye gunia?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, alizunguka vijijini kwa Yamaha DT, na mlio wake bado ninao masikioni. Sasa nataka pikipiki ya zamani ya kwangu mwenyewe. Nimepata mbili. Ya kwanza ni DT 175 iliyofunguliwa, iko Mpwapwa kwenye magunia mawili, laki sita na nusu. Ya pili ni Honda CG 125 inayotembea, iko Kizota hapo Dodoma, milioni moja na laki mbili. Kuendesha najua, nilijifunzia Boxer ya mwalimu mwenzangu. Ufundi sina, najua kubadilisha plagi tu. Ninunue ipi, na nitajuaje kwamba sipigwi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Naanza na jibu lenyewe ili mengine uyasome ukiwa umetulia: nenda Kizota ukaione Honda, ile ya Mpwapwa iache kwanza. DT ni pikipiki nzuri, na nitairudia mwishoni kwa sababu najua inakuvuta. Lakini pikipiki nzima hata asiye fundi anaweza kuikagua. Ya kwenye gunia hakuna awezaye kuikagua, hata mimi. Gunia halitoi moshi, haligongi, halivuji. Unachobaki nacho ni maneno ya muuzaji.

Jiulize kwanza ilifunguliwa kwa nini. Hakuna mtu anayeshusha injini nzima kwa kujifurahisha. Aliyeifungua alikuta tatizo, akapiga hesabu ya spea, hesabu ikamshinda, akafunga gunia. Sasa anakuuzia wewe hesabu ileile. Halafu kuna vitu vidogo: klipu ya pini ya pistoni, washa ya kwenye klachi, kispringi cha gia, nati nne zisizofanana urefu. Kila kimoja kinaonekana si kitu, ila kimoja tu kikikosekana injini haifungwi, na kukitafuta kitu cha pikipiki ya miaka ile unaweza kumaliza muhula mzima. Aliyefungua ndiye anayekumbuka kipi kilikaa wapi, na kumbukumbu yake haimo kwenye bei.

Lipo na la pili kuhusu injini za aina hiyo, za mipigo miwili, ambazo wengi wetu tunaziita za kuchanganya. Ndani yake hakuna oili inayokaa chini na kupanda kulainisha pistoni. Oili inaingia pamoja na petroli, inalainisha inapopita, kisha inaungua. Yamaha waliweka tanki dogo la oili pembeni na pampu yake, mfumo walioanza kuutumia mwaka 1964 na kuuita Autolube, ili mwendeshaji asihangaike kupima. Ni mfumo mzuri mradi pampu iwe nzima. Ikifa kimyakimya, pistoni inakauka, inapanuka na kukamata silinda ukiwa mwendoni.

Hili lilinipata. Nilikuwa kijana, nikanunua pikipiki ndogo ya mipigo miwili kwa mtu aliyekuwa anahama. Tanki la oili lilikuwa limejaa, nikaona mambo safi. Sikujua kwamba pampu ilikwisha kuzibwa zamani, na yeye alikuwa akichanganya oili moja kwa moja kwenye petroli. Nilisahau kumuuliza, na yeye hakusema. Nikajaza petroli tupu, nikashika barabara ya Iringa. Kabla sijafika Mtera gurudumu la nyuma lilijifunga ghafla, na nilipokuja kubana klachi nilikuwa tayari niko chini. Kovu la kiwiko ninalo mpaka leo. Tangu siku ile simuuzii wala simnunulii mtu pikipiki ya aina hiyo bila kuuliza maswali mawili: pampu inafanya kazi? Unachanganya kiasi gani? Na ikiwa imelala muda mrefu katika ukavu wetu huu, oili sili za pembeni mwa mtaimbo wa injini hukauka na kupasuka. Hewa inaingia isipotakiwa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda. Kosa kama hilo anayeanza hawezi kulisikia mpaka injini iwe imekwisha kufa.

Tuje kwenye Honda. CG 125 ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Honda waliona pikipiki zao zenye kemshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu, juu ya hedi (kichwa cha injini) zikifa mapema katika nchi zenye joto na vumbi, ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na oili inamwagwa siku mtu akikumbuka. Wakarudi kwenye mpango wa zamani: kemshafti ikawekwa chini, na fimbo mbili ndefu ndizo zinazosukuma valvu. Ni injini isiyo na mbio sana, lakini inavumilia mno. Cheni wakaifunika yote kwa kava la bati ili vumbi lisiisage. Ukifika Kizota tazama kama kava hilo lipo. Wengi hulitoa na kulitupa, na katika vumbi la Kongwa utalihitaji.

Sababu kubwa ya mimi kukusukuma kwenye CG ni spea. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni inatembea milimita 49.5, na vipimo hivyohivyo ndivyo vilivyochukuliwa na viwanda vingi vya China kutengeneza injini za pikipiki zinazobeba abiria mjini kila siku. Kwa hiyo ringi, pistoni, pleti za klachi, waya na gasketi unaweza kuvipata Dodoma bila kuagiza mbali. Si kila kitu kitaingia bila kusumbua, kwa hiyo siku zote beba kile cha zamani, kiweke juu ya kaunta, ulinganishe na kipya kabla hujatoa hela. Na kabla hujamwona muuzaji, pita maduka mawili ya spea Majengo, hapohapo Dodoma mjini, taja CG 125, ulize vitu vitano nilivyovitaja. Ukivipata vinne, endelea na safari.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mpigie muuzaji usiku wa kuamkia siku hiyo, umwambie kwa upole kwamba unaomba asiiwashe asubuhi mpaka ufike. Injini yenye moto huficha mengi. Ukifika, salimia, kaa, kisha weka kiganja karibu na bomba la moshi, halafu kwenye injini. Inapaswa kuwa ya baridi kama jiwe la asubuhi.

Kabla ya kuwasha, tazama vichwa vya skrubu kwenye makava ya injini. Honda walitumia skrubu za nyota ambazo bisibisi ya kawaida haizikai vizuri, kwa hiyo kila fundi mwenye haraka huacha alama. Skrubu zikiwa zimeliwa zote, au ukikuta silikoni nyekundu imefurika kwenye maungio, jua injini imefunguliwa mara nyingi na mikono isiyo na subira. Skrubu zikiwa na vichwa vyake, hiyo ni dalili njema kuliko rangi mpya ya tanki. Rangi mpya, kwa kweli, isikupe furaha. Hasa ikipita shingoni mwa fremu, pale usukani unapoingia. Pitisha kidole hapo ukitafuta mshono wa welding ambao kiwanda hakikuuweka. Fremu iliyovunjika shingoni usiinunue hata kwa bei ya bure.

Fungua mfuniko wa tanki, mulika ndani kwa tochi ya simu, usithubutu kiberiti. Kutu kidogo juu si tatizo. Kutu inayomeguka kama maganda itaziba kabureta kila wiki. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi ni uchafu tu, ya rangi ya chai ya maziwa ina maji, na ikimeta kama mica kwenye jua, chuma kinasagika mahali fulani, hapo aga uondoke. Kisha fungua ea klina, chujio la hewa. Kwa hapa kwetu naona huu ndio ukaguzi unaosema mengi kuliko yote, na hauhitaji zaidi ya spana moja. Ukikuta sponji safi iliyopakwa oili kidogo, mwenye pikipiki alikuwa anaipenda. Ukikuta kopo tupu, ujue vumbi la Dodoma limekuwa likiingia kwenye silinda, na ringi zimesagwa kama kwa msasa.

Sasa zima swichi, bonyeza kiki kwa mkono taratibu, usiipige. Itafika mahali ikugomee, kama mtu anayesukuma mlango kutoka ndani. Ugomvi huo ndio afya ya injini. Kiki ikishuka laini mwanzo mpaka mwisho kila unapojaribu, pumzi imekwisha, aidha ringi au valvu.

Ikishasomeka vizuri hapo, vuta choki, muombe muuzaji awashe. Kiki tatu au nne kwa injini ya baridi ni sawa, ishirini si sawa. Simama nyuma utazame moshi. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika moja ni baridi ya asubuhi. Mweusi ni petroli kuzidi, mara nyingi kabureta au ea klina chafu, hela ndogo. Wa buluu ni oili inaungua. Ukitoka unapoachia resi baada ya kuipandisha, huwa ni mipira ya valvu. Ukitoka mfululizo kila unapovuta, ni ringi na silinda, na hapo bei ishuke kwa gharama ya ovahoo nzima au muachane. Sikiliza pia. Tiki-tiki nyepesi juu ya hedi, ya mapigo sawasawa, ni valvu zinataka kurekebishwa, kazi ya nusu saa ambayo utajifunza mwenyewe. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, gu-gu-gu, unaozidi ukivuta resi, ni koni rodi, mkono unaobeba pistoni. Usibishane nao.

Pandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie. Geuza usukani polepole kulia na kushoto kwa vidole viwili. Ukikwama katikati kama unaingia kishimoni, bakuli za gololi za shingo zimekwisha. Shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na kusukuma, usisikie mchezo. Gonga spoku moja moja kwa spana: nzima inalia tin, iliyolegea inalia bubu. Nyuma vuta cheni kutoka kwenye jino la sproketi. Ukiweza kuona zaidi ya nusu ya jino, cheni na sproketi zote zibadilishwe kwa pamoja. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya umri mkubwa imekakamaa, inateleza kwenye lami yenye mchanga.

Mwishoni endesha, ukiwa na helmeti yako. Muuzaji akikataa kata-kata hata kama umemwachia hela mkononi, rudi Kongwa. Ingiza gia zote ukipanda na kushuka. Gia ya pili ikijitoa yenyewe unapovuta resi, injini lazima ifunguliwe. Tafuta mwinuko, weka gia ya juu, vuta: mlio ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza, jambo linalotengenezeka. Jaribu breki mara nyingi kuliko unavyoona haja.

Umeme wa CG za mwanzo ni wa volti 6, za baadaye volti 12. Uliza, na usome juu ya betri. Ya volti 6 si ya kukataa, ila balbu zake hazipatikani kila duka na taa yake usiku ni hafifu. Kwa barabara zenu zenye mifugo ningependa upate ya 12. Washa taa, vuta resi kidogo: mwanga ukiongezeka, injini inazalisha umeme.

Karatasi sasa, na hapa nakuomba uwe mkali kuliko kwenye injini, maana injini mbovu inakula hela lakini kadi mbovu inaweza kukupeleka polisi. Namba ya fremu imegongwa shingoni, ya injini iko kwenye ubavu wa injini chini. Linganisha zote mbili na kadi halisi, tarakimu kwa tarakimu, ukipitisha kidole kuona kama pamesagwa na grainda. Ukikuta namba ya injini inaanza na 156FMI au 162FMJ, hiyo ni injini ya Kichina iliyopachikwa kwenye fremu ya Honda. Inaweza kuwa inatembea vizuri tu, lakini siyo CG ya zamani unayolipia, na kama kadi haikubadilishwa utakwama TRA siku ya kuhamisha umiliki. Jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Akisema aliinunua kwa mtu ambaye hakuhamisha, mwambie akamlete huyo mtu. Pikipiki nyingi za zamani za mkoa huu zilianzia kwenye miradi na halmashauri, zikatoka kwa mnada. Ikiwa hivyo, hati ya mnada na risiti ziwepo, na namba ya DFP (ya mradi wa wafadhili) au SM (ya serikali za mitaa) iwe imeshabadilishwa kuwa ya mtu binafsi. Andikishaneni mbele ya wakili, wote mkiwa na TIN na vitambulisho, na fedha ya mwisho itoke mfukoni mkiwa pamoja TRA, si kabla. Bima ukate siku hiyohiyo.

Unaweza kuniuliza kwa nini usichukue fundi tu akukagulie. Mchukue, lakini mchague wewe, asitoke upande wa muuzaji wala dalali, na umlipe ujira wake hata kama hununui. Fundi anayelipwa tu pikipiki ikinunuliwa atakuwa na cha juu mahali, na jicho lake litapofuka kidogo. Mwambie pia akuache ufanye ukaguzi wako kwanza, kisha yeye afuate. Utajifunza zaidi kwa kulinganisha ulichoona na alichoona.

Usimalize hela yote kwenye bei. Ukiwa na milioni moja na laki mbili, mimi ningetaka pikipiki ikufikie kwa laki tisa au chini, zilizobaki ziende kwenye oili, plagi, waya wa klachi na wa resi, viatu vya breki, tyubu mbili na pengine cheni. CG inachukua oili chini kidogo ya lita moja, na haina chujio la karatasi la kubadilisha, ina wavu mdogo na kikombe kinachozunguka kikikusanya uchafu. Ndiyo maana oili yake imwagwe mapema, kwa vumbi letu kila kilomita elfu moja bila kuona uchungu. Nunua yenye maandishi JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Oili nyingi za magari zina dawa za kulainisha zinazoweza kufanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo.

Mwezi wa kwanza zunguka karibu na nyumbani. Ufundi utakaouhitaji si mwingi: kumwaga oili, kuosha sponji ya ea klina, kukaza cheni, kurekebisha valvu kwa fila (vibati vya kupimia nafasi), na kuziba tyubu, maana miiba ya migunga haina huruma na haichagui mahali pa kukupata. Nunua spana za 8, 10, 12, 14 na 17, ya plagi, bisibisi nzuri ya nyota, pampu na viraka. Kila kazi ifanye mara ya kwanza mbele ya fundi, mara ya pili peke yako, ukiwa na muda wa mchana wote. Baada ya mvua mbili za masika utashangaa mkono wako unavyojua.

Na DT ya mzee wako? Ikiwa moyo bado uko kule, baada ya mwaka mmoja na CG utaenda Mpwapwa ukiwa mtu mwingine, utafungua gunia na kujua ni kipi kinakosekana. Kama haitakuwepo, zipo nyingine zinazotembea. Utakaponunua ya namna hiyo, pima oili ya kuchanganya kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa jicho, na uandike kiasi kwenye kipande cha karatasi ya gundi ukibandike chini ya kiti ili hata atakayeiazima asome.

Tukirudi Kizota: ukifika ukakuta injini ina moto baada ya kuomba isiwashwe, usigombane. Mwambie muuzaji unakwenda Majengo kunywa chai, utarudi saa tisa alasiri ikiwa imepoa, na funguo mwombe akuachie wewe.